Mgeni wa Kusi Katika Magofu ya Gede

Msitu uliofunika jumba, misikiti na makaburi ya mji huu wa Waswahili, uliohamwa na wenyewe katika karne ya 17, humkaribisha kila mwaka ndege adimu, Geokichla guttata kwa istilahi ya wataalamu, ambaye huwasili pwani hii upepo wa kusi uanzapo kuvuma, mnamo Aprili au Mei, na kuondoka ifikapo Oktoba au Novemba.

Alama zake ni dhahiri: kifua cheupe kilichotapakaa madoa meusi, mistari miwili myeupe juu ya kila bawa, na mabaka mawili meusi yashukayo usoni, moja likipita jichoni. Riziki yake haitafuti matawini bali ardhini, akipekua majani makavu kwa mdomo. Naye ahisipo nyayo husimama tuli, hata jicho lenye pupa likampita pasi na kumwona. Basi simama kitambo kando ya kuta, usikilize mchakarisho wa majani, wala usitaraji wimbo, kwani awapo ugenini ni nadra kuimba.

Jamii yake imo hatarini kutoweka kwa kukatwa misitu, naye kwa insafu anastahili hifadhi ile ile tuipayo mawe haya. Tafadhali usiiache njia, wala usimfukuze.