Macho Manne

Ndugu msomaji, mwaka jana nilipata kibarua cha siku tatu. Mwandishi mmoja wa Kizungu alifika Kahama akitafuta mtu wa kumtafsiria kwenye maduara ya wachimbaji wadogo upande wa Geita. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na Kiingereza cha kuokoteza. Nikasema, twende.

Kwenye duara moja, mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake kwenye karasha alimtazama mgeni akiandika, kisha akasema jambo kwa Kisukuma. Watu wote wakaangua kicheko. Mgeni akaniuliza, "Wanasema nini?"

"Wanakukaribisha," nikajibu.

Uongo mtupu. Mzee alikuwa amesema: huyu anaandika kila kitu, hata kikohozi changu, ila jina langu hajaniuliza.

Baadaye mgeni alinitumia makala yake. Ilinivunja mbavu, bwana! Aliwaandika viongozi wetu na mapenzi yao ya kukata utepe, redio zetu na salamu za kutwa nzima, na vibao vya waganga kando ya lami. Nilicheka mpaka nikafika pale aliposema kwamba wachimbaji walimpokea kwa ukarimu, bila neno la kumhoji. Hapo kicheko kikakauka. Sentensi hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wake.

Nikaanza kujiuliza: je, mimi ni wa kwanza? Nikarudi kwenye historia.

Tarehe 9 Julai 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kaze, yaani Tabora, akimwacha nyuma mwenzake Richard Burton. Alishika njia ya kaskazini kupitia Unyamwezi na Usukuma, akipita Msalala, jina ambalo leo ni la halmashauri moja huku Kahama. Tarehe 3 Agosti alifika Mwanza. Ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, yeye akalipa jina la malkia wake, Victoria, na akatangaza kuwa ndilo chanzo cha Nile hata kabla ya kulizunguka. Mwaka 1859 simulizi yake ilitoka katika jarida la Blackwood's la Edinburgh, na mwaka 1864 ikawa kitabu.

Speke naye alijua kutania. Njiani alimtembelea mtemi mwanamke ambaye anamtaja kwa jina la Ungugu, akamcheka umbo na mavazi. Lakini humo humo ameeleza jinsi yule mama alivyomkagua yeye. Alimshika viatu, akamshika vifungo, akalitamani koti lake. Mikono yake akaifananisha na ya mtoto, nywele zake na za simba. Sasa hapo mtazamaji ni nani, na anayetazamwa ni nani?

Macho yalikuwa yakimsumbua Speke, hivyo alivaa miwani ya kijivu kujikinga na mwanga. Basi ikawa sinema! Watu waliufuata msafara, wakainama kuchungulia chini ya kofia yake wamwone mtu mwenye macho manne. Walimzonga mpaka akaivua. Na huko Mwanza alipomwuliza mtu mmoja aliyesifika kwa kusafiri kwamba ziwa lina ukubwa gani, yule alitupa mkono kaskazini akialisha vidole. Akasema hakuna ajuaye, labda linafika mwisho wa dunia.

Maneno hayo yalimfikiaje Speke, ambaye hakujua Kisukuma? Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika. Yeye na Speke waliongea Kihindustani. Kwa hiyo utani wa Msukuma ulivuka lugha zaidi ya moja kabla haujafika kwenye wino. Mwaka 1876 chama cha wanajiografia cha London, Royal Geographical Society, kilimpa Bombay pensheni. Alifariki mwaka 1885 bila kuacha kitabu. Vijana wa Usukuma walipomcheka bwana wake, je, Bombay naye alisema, "Wanakukaribisha"?

Mambo haya hayakwisha na misafara. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, juu ya sangara na maisha ya Mwanza. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani. Katika mabishano yaliyonifikia, hoja ilikuwa nani mkweli na nani mwongo. Sikusikia mtu akiuliza wale watu wa kwenye filamu waliambiana nini kamera ilipozimwa.

Sisi vijana wa Shinyanga na Geita tunaoota kuandika riwaya tunapenda kulalamika kwamba wageni wanatuandika nusu. Ni kweli. Lakini ile nusu nyingine tumeiweka wapi? Mara nyingi tunayo sisi wenyewe. Tuliimeza kwa adabu, au kwa kuogopa kukosa ujira wa siku.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye lile duara kumtafuta mzee. Nikaambiwa amefuata rashi nyingine. "Anaitwa nani?" akaniuliza kijana wa karasha, ili anisaidie kuulizia. Nikanyamaza. Kumbe hata mimi sikumwuliza.

Nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika maneno yake, kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili. Mahali pa jina nimepaacha wazi mpaka nitakapompata. Nawe, ndugu msomaji, kumbuka: ni lini mara ya mwisho ulisema, "Wanakukaribisha"?