Sura ya Mwisho ya Mgodi

Historia ya madini tuliyofundishwa wengi wetu huanza na kugundua na kuishia kwenye utajiri. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, ikawa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Hapo kengele inalia, watoto wanakwenda mapumziko. Na shimo je? Halimo kwenye daftari.

Sasa tuje Kahama. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukafungwa 2021. Piga hesabu: mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo wa 2009 alikuwa hata kidato cha sita hajamaliza. Mgodi ulizaliwa na kufa mbele ya macho yake akiwa bado na sare ya shule. Mtoto kama huyo ukimfundisha tu jinsi mgodi unavyofunguliwa, umemfundisha nusu ya maisha yake mwenyewe.

Na somo lenyewe si gumu. Tani nzima ya mwamba inaweza kutoa gramu moja au mbili tu za dhahabu. Muulize mtoto: zilizobaki zinakwenda wapi? Atafikiri mwenyewe mpaka afike kwenye vilima vya vifusi na bwawa la topesumu. Ukishafika hapo, mrudishe Mwadui, maana Novemba 7, 2022 bwawa la mgodi ule ule wa almasi lilibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Hiyo nayo ni historia ya Mwadui, sawasawa na ile zawadi ya harusi.

Kuna mfano mchungu zaidi kwa majirani zetu Zambia. Kabwe ilichimbwa madini ya risasi na zinki kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1994. Mgodi ulifungwa, lakini vumbi halikufungwa. Watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye, wasiowahi kusikia king'ora cha zamu, wamekutwa na risasi kwenye damu kwa kuchezea udongo wa nyumbani kwao.

Kufunga vizuri, basi, si kutia kufuli getini. Kunaanza kabla ya baruti ya kwanza: udongo wa juu unawekwa pembeni ili uje ufunike vifusi na miti iote, fedha za kurekebisha eneo zinawekwa dhamana mapema, maji yanaendelea kupimwa miaka baada ya mashine kuondoka. Sheria zetu zinamtaka mwenye mgodi mkubwa awe na mpango wa kufunga pamoja na dhamana hiyo. Kisha linabaki suala la riziki: mama lishe aliyekuwa anauza kwa wafanyakazi atamuuzia nani? Buzwagi eneo limetengwa kwa ajili ya viwanda. Tusubiri tuone.

Mimi ningetamani kila shule iliyo jirani na mgodi ipeleke watoto kuutembelea, na wakishaonyeshwa malori makubwa na kushangaa vya kutosha, mmoja anyooshe mkono aulize: siku mkiondoka, hapa patakuwaje? Swali hilo ni haki yao, kwa sababu wao ndio watakaobaki.