Ngao Isiyo na Ziwa

Msomaji, ukisimama ufukoni Asembo Bay wakati wa alfajiri, utaona mashua zikirudi na wavuvi waliokesha kwa taa wakivua omena. Sasa toa sarafu ya Kenya mfukoni uitazame. Utaona simba wawili wenye mikuki, katikati yao ngao, na chini neno moja: Harambee. Hiyo ndiyo nembo ya taifa, iliyopatikana mwaka 1963, nchi ilipokaribia uhuru.

Desturi ya kuchora alama katika ngao ni ya kale. Huko Ulaya, askari aliyefunikwa uso kwa chuma alitambulikana kwa ngao yake. Baadaye miji nayo ikajichagulia alama. Lakini usidhani kwamba jambo hili lilikuwa geni kwetu. Wamasai pia walitia ngao zao rangi na michoro iliyomtambulisha mwenyewe, na ngao ya Kenya ni ya umbo la ngao zao.

Haya, tuisome. Weusi ni watu, wekundu ni mapambano ya uhuru, kijani ni ardhi, na weupe ni amani. Jogoo mwenye shoka alikuwa alama ya KANU, chama kilichoanzishwa mwaka 1960, ambacho makamu wa rais wake alikuwa Oginga Odinga wa Bondo, si mbali na Asembo. KANU ilitoka madarakani mwaka 2002, lakini jogoo yupo bado, na watu husema kwamba anatangaza mapambazuko. Basi alama huweza kuishi kuliko walioichora.

Chini ya simba pana Mlima Kenya, na kahawa, chai, pareto, mkonge, mahindi na mananasi. Labda utauliza: ziwa letu liko wapi? Halimo. Uganda, mwaka 1962, ilichora mawimbi ya ziwa hili juu ya ngao yake. Tanzania nayo ina mawimbi. Waliochora nembo ya Kenya walitazama mlima na mashamba.

Hata hivyo, mlango haukufungwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti, Siaya ya Asembo ikiwamo, iwe na bendera, nembo na muhuri wake, baada ya kushauriana na watu, wala visifanane na vya taifa.

Je, wewe ungechora nini? Pengine utasema, ngege. Lakini kumbuka kwamba katika miaka ya 1950 na 1960 mbuta alitiwa ziwani, na baadaye ngege wa asili akakaribia kutoweka. Mlima utakuwapo, uchorwe au usichorwe. Samaki hana dhamana hiyo. Kwa hiyo, kijana, kabla hujachora kitu katika ngao, jiulize kama u tayari kukilinda. Ngao ni kinga, tangu zamani.