Kwa nini sauti moja husikika na nyingine hupotea kwenye podikasti

Mtangazaji anasikika vizuri, lakini bwana shamba anayehojiwa ni kama yuko chumba cha pili. Ukiongeza sauti ya simu, zote mbili zinapanda pamoja: kipimo cha dawa ya mahindi bado hakisikiki sawasawa, na swali linalofuata linakupasua masikio. Kitufe cha simu hakisawazishi sauti mbili. Kazi hiyo ni ya anayerekodi.

Chanzo kikubwa ni umbali. Mahali pa wazi, umbali kati ya mdomo na maikrofoni ukiongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Ndiyo maana tunapohoji kwa maikrofoni moja, tunaisogeza kwa kila anayezungumza, kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni. Kwenye kipimo cha kurekodia, sauti ya juu kabisa tunaiacha kati ya desibeli -12 na -6. Ikivuka 0 hukwaruza, na kuitengeneza baadaye ni vigumu.

Kisha tunasawazisha kwa kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure: tunapandisha maneno ya mgeni, tunashusha ya mtangazaji, halafu tunapima kipindi kizima. Apple hupendekeza podikasti ziwe karibu na LUFS -16, kipimo kinachofuata jinsi sikio linavyosikia.

Nawe ukirekodi mkutano wa kikundi chenu, jaribu kwanza sekunde 30. Sikiliza kwa spika ya simu. Ukilazimika kugusa kitufe cha sauti, sogeza maikrofoni kabla ya kuendelea.