Vyuma vya Mkononi: Jinsi Madaktari Walivyojifunza Kuunga Mifupa kwa Skrubu na Mabamba

Mwaka 1886 daktari wa upasuaji wa Hamburg, Carl Hansmann, alichapisha habari za wagonjwa 20 aliowaunga mifupa kwa mabamba ya chuma. Alilikaza bamba kwenye mfupa kwa skrubu zenye mashina marefu, kisha akaiacha ncha ya bamba pamoja na mashina hayo ichomoze nje ya ngozi. Alifanya hivyo kwa makusudi, ili baada ya wiki kadhaa aweze kuvifungua vyote kwa nje bila kumpasua mgonjwa mara ya pili. Daktari wa leo akioneshwa picha ya bamba la namna hiyo atashtuka, kwa kuwa ngozi iliyo wazi ni njia ya vijidudu kufika mfupani. Hata hivyo, kila aliyewekewa vyuma mkononi, awe Hamburg au Dodoma, anadaiwa shukrani na Hansmann.

Mkono una shida zake. Kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kina mifupa miwili, na mmoja huuzunguka mwenzake kila tunapogeuza kiganja juu au chini. Mifupa hiyo ikiunga huku imepinda, hata kama maumivu yamekwisha na ngozi imepona, kiganja hakigeuki tena sawasawa. Aliyezoea kunawa uso, kupokea chenji, kuzungusha ufunguo na kumega tonge bila kufikiri anajikuta hawezi kazi hizo. Mtu mwenye paja lililounga vibaya atatembea akichechemea. Aliyeunga vibaya kigasha hupoteza zana yake ya riziki.

Kwa karne nyingi tiba ilikuwa magango: vijiti au vipande vya mti vilivyofungwa kwa kitambaa, kazi ambayo wajuzi wa kuunga mifupa wa kwetu nao wameifanya kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1852 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alitangaza bendeji zilizopakwa unga wa jasi, ambazo zikiloweshwa maji huganda na kuwa ngumu. Hizo ndizo plasta ambazo vijana wa Dar es Salaam wanaziita hogo. Plasta ilikuwa neema kubwa, lakini haikumudu kigasha cha mtu mzima. Mifupa huhama ndani yake bila mtu kuona, na vidole vilivyokaa bila kazi kwa wiki nyingi hukakamaa. Mwaka 1949 madaktari wawili wa Marekani, Knight na Purvis, walipowafuatilia watu wazima waliovunjika mifupa yote miwili ya kigasha na kutibiwa bila upasuaji, waliona kwamba asilimia 71 kati yao hawakupata matokeo ya kuridhisha.

Kwa nini basi watu hawakupasuliwa mapema? Jibu ni usaha. Kabla ya Joseph Lister kuanza kutumia asidi ya kaboli kuua vijidudu, huko Glasgow mwaka 1865, kumfungua mgonjwa mfupa kulikuwa ni kumwalika kifo, au kumkata kiungo siku chache baadaye. Lister mwenyewe, baada ya kuhamia London, alithubutu mwaka 1877 kuunga pia ya goti kwa waya wa fedha. Kisha mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, huko Würzburg, akagundua miale ya eksirei. Picha yake mashuhuri kuliko zote ni ya mkono wa mkewe, mifupa ya vidole ikionekana wazi pamoja na pete. Tangu hapo daktari aliweza kujua kilichovunjika kabla ya kushika kisu, na kukagua kazi yake baada ya kushona.

Aliyeyakusanya yote hayo ni Mbelgiji, Albin Lambotte wa Antwerp. Nampa nafasi kubwa kwa sababu alikuwa daktari na fundi kwa pamoja: vifaa vyake vingi alivibuni na kuvitengeneza mwenyewe, na nje ya hospitali alichonga fidla kwa mikono yake. Mwaka 1902 alitumia fremu ya chuma inayoshika mfupa kutoka nje, babu wa kile ambacho wagonjwa wetu wanakiita antena. Alikaza mifupa kwa waya, pini, skrubu na mabamba, na mwaka 1907 na 1913 akatoa vitabu vilivyoeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Alitaka mgonjwa aanze kujongeza viungo mapema, wakati madaktari wengi wa siku zile waliona hilo ni hatari tupu.

Hatari ilikuwepo kweli, ila ilitoka kwenye chuma chenyewe. Mwili wa binadamu umejaa maji ya chumvi, na chuma cha kawaida humo hushika kutu. Mabamba ya William Arbuthnot Lane wa London, daktari aliyekuwa mkali wa usafi hata akakataza vidole kugusa kidonda, yalipata sifa duniani, lakini yaliliwa na kutu na mengine yakavunjika ndani ya wagonjwa. Mwaka 1912 William Sherman, daktari wa kampuni ya chuma huko Pittsburgh, alileta mabamba ya chuma cha vanadi yaliyokuwa na umbo bora na nguvu zaidi. Kutu haikukoma. Katika miaka ya 1930 Charles Venable na Walter Stuck wa Texas walionesha chanzo chake: metali mbili tofauti zikikaa pamoja mwilini huzalisha umeme mdogo unaozila na kuudhuru mfupa ulio jirani. Daktari aliyekaza bamba la metali moja kwa skrubu za metali nyingine alikuwa anatengeneza betri ndani ya mkono wa mtu. Baadaye chuma kisichoshika kutu, mchanganyiko wa kobalti na kromi, na hatimaye titani, vikawa metali za upasuaji.

Mwaka 1949 huohuo wa Knight na Purvis, Robert Danis wa Brussels alitoa kitabu chenye wazo jipya. Alitengeneza bamba lenye skrubu ya pembeni inayozisukuma ncha mbili za mfupa zikabanana kwa nguvu, na akaona kwenye eksirei kwamba vigasha vilivyobanwa hivyo huunga bila lile fundo la mfupa mpya linalotokea kwa kawaida mahali palipovunjika. Mfupa hujiunga wenyewe. Chuma kazi yake ni kuutuliza tu hadi umalize. Kijana wa Uswisi, Maurice Müller, alimtembelea Danis mwaka 1950 na kurudi kwao akiwa na shauku kubwa.

Tarehe 6 Novemba 1958, Müller na wenzake walianzisha mjini Biel kikundi cha madaktari kilichojulikana kwa herufi mbili, AO. Walikuwa 13. Vyuma vyao vilitengenezwa na Robert Mathys, fundi wa mashine wa mji mdogo wa Bettlach, na baadaye mtaalamu wa metali Fritz Straumann akaingia kuchunguza kwa nini skrubu zinakatika. Mwaka 1960 wakaanza kuwafundisha madaktari wengine huko Davos. Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi walilofanya ni daftari: kila mgonjwa aliandikwa, picha zake zikahifadhiwa, akaitwa tena baada ya miezi ili ijulikane kama amepona au la. Aliyeshindwa aliandikwa sawa na aliyefaulu.

Bamba lao la miaka ya 1960 lilikuwa na tundu lenye mteremko ndani yake. Skrubu ikikazwa huteleza kwenye mteremko huo na kuusukuma mfupa kuelekea kipande cha pili, hivyo kifaa cha pembeni cha kubania hakikuhitajika kila mara. Mwaka 1975 Lewis Anderson na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 244 waliounganishwa vigasha kwa mabamba ya kubana: mfupa wa upande wa kidole gumba uliunga kwa asilimia 97.9, na mwenzake kwa asilimia 96.3.

Mifupa midogo ya mkono ilikuwa na historia yake. Pini nyembamba ambazo Martin Kirschner wa Ujerumani alizitangaza mwaka 1909 kwa ajili ya kuvuta mfupa wa mguu ndizo zinazoshika vidole vilivyovunjika hadi leo, kwa kuwa ni rahisi na hazihitaji kidonda kikubwa. Mfupa mmoja wa kifundo cha mkono, ule ulio chini ya kidole gumba, uliwatesa madaktari kwa sababu damu huuingia zaidi kutoka upande mmoja, na upande wa pili waweza kufa. Timothy Herbert wa Sydney alibuni skrubu isiyo na kichwa, yenye hesi za nafasi mbili tofauti, zikiwa pana mbele na za karibu nyuma. Ikizungushwa, ncha ya mbele husonga haraka kuliko ya nyuma, na vipande viwili vya mfupa hubanana. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1984.

Kuna pia viungo ambavyo daktari huvifunga kabisa, mifupa miwili ikawa mmoja. Eduard Albert wa Austria alifanya hivyo mwaka 1878 kwenye miguu ya msichana aliyepooza. Mwaka 1910 Leonard Ely wa Marekani alifunga kifundo cha mkono kilichoharibiwa na kifua kikuu, akitumia kipande cha mfupa. Mwaka 1971 Mannerfelt na Malmsten wa Sweden waliwafunga vifundo wagonjwa wa baridi yabisi kwa pini ndefu iliyopita ndani ya mifupa, bila plasta. Mgonjwa hupoteza kukunja kifundo, lakini maumivu huondoka na vidole hurudishiwa nguvu ya kushika. Siku hizi kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa bamba linalovuka kifundo, mkono ukiinuliwa kidogo kwa nyuma.

Huku kwetu, ambako ajali za bodaboda zinajaza wodi, Tanzania ilianzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa sheria ya mwaka 1996. Mwaka 1999 Lewis Zirkle, daktari wa Marekani aliyehudumu katika vita vya Vietnam, alianzisha SIGN, shirika linalozipa hospitali misumari ya kuingizwa ndani ya uboho wa mifupa mirefu, ukiwemo ule wa mkono wa juu, bila kuhitaji mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji. Hospitali hutuma picha za kila mgonjwa, kisha hupelekewa misumari mingine. Muhimbili ni miongoni mwa waliofaidika.

Wewe uliyewekewa chuma mkononi, au mwenye ndugu aliyewekewa, muulize daktari mazoezi ya vidole yaanze siku gani, tunza picha zako za eksirei, na tarehe ya kurudi kliniki usiiache ipite hata kama huna maumivu.