Umri wa Mtoto Gazetini

Katika kurasa za michezo za miaka ya 1970, mtoto hakuwamo. Walikuwamo Simba na Yanga, Taifa Stars na mabondia. Mashindano ya shule za msingi yalipofika, Uhuru au Mzalendo lilitoa mistari michache: mkoa gani umeshinda na kwa mabao mangapi, basi. Jina la mfungaji aghalabu halikutajwa, na wasichana wa netiboli walipata nafasi ndogo zaidi. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania, na Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Mtoto wa Temeke aliyecheza vizuri alijulikana Temeke. Akivuka kwenda kucheza Kinondoni, huko alikuwa mgeni.

Sisemi hali ile ilikuwa njema. Vipaji vingi viliishia kwenye viwanja vya mchanga. Wala sisemi hapakuwa na udanganyifu, maana neno “mamluki” tulilijua sote walimu. Kila mwaka ilitokea timu iliyoleta kijana mwenye sauti nzito na ndevu zilizonyolewa asubuhi ile ile, kavalishwa kaptula ya darasa la sita. Tulibishana, tukacheka, kombe likachukuliwa, na mambo yakaishia pale pale uwanjani. Umri wa mtoto ulikuwa haujapata bei.

Na umri wenyewe, ndugu msomaji, tuliuandika kwa kukisia. Mama alimleta mwanawe kuandikishwa darasa la kwanza, ukamwuliza amezaliwa lini, naye akajibu: mwaka wa Azimio, masika. Mwalimu akaandika 1967. Mwingine alisema alijifungua wakati wanajeshi wetu wako Uganda, tukaandika 1979. Vyeti vilikuwa vya wachache, na hali hiyo ilidumu muda mrefu sana: utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka 5, walioandikishwa kuzaliwa kwao walikuwa 16 tu. Kwa hiyo kwa watoto wengi wa viunga vya jiji hili, rejesta ya shule ndiyo iliyokuwa kumbukumbu ya kwanza ya umri wao, na ilitokana na kumbukumbu ya mama na wino wa mwalimu.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Magazeti ya watu binafsi yaliongezeka, zikaja redio na televisheni zao, na kurasa zile zote zilihitaji habari kila siku. Simba na Yanga peke yao hawakutosha. Waandishi wakaanza kufika mashuleni. Makongo Sekondari, kule Kinondoni, chini ya Idd Kipingu, ilikusanya vijana wanamichezo wengi hata ikawa inaandikwa kama klabu. Vijana wakapata jina la jumla, “yosso”, na picha zao zikaanza kubandikwa ukutani majumbani kwao.

Hapo ndipo umri ulipopata bei. Katika miaka hiyo alinijia ofisini kiongozi wa klabu moja, simtaji, kaleta mpira mpya na maneno mazuri. Alitaka barua ya shule inayoonyesha kwamba mwanafunzi wangu wa zamani alizaliwa miaka mitatu baada ya ule ulioandikwa kwenye rejesta. Nilimrudishia mpira wake. Kilichonikaa moyoni ni kwamba kijana mwenyewe alikuwa nje, amesimama chini ya mwembe, amekunja mikono, na hakuna aliyemwuliza neno.

Miaka michache baadaye nchi nzima ilionja jambo hilo. Serengeti Boys, timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17, ilikuwa imefuzu kucheza fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia. Ikaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Jina la kijana liliandikwa kila mahali, nami sitaliongezea mara moja zaidi. Watu wazima waliopeleka karatasi zake hawakupigwa picha.

Mwaka 2016 mambo yakageuka. Tuliifunga Kongo Brazzaville 3-2 Dar es Salaam, tukafungwa 1-0 kwao, wakapita kwa bao la ugenini. Chama chetu cha mpira kikakata rufaa dhidi ya mchezaji wao mmoja. Shirikisho la Afrika likamtaka akapimwe kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, ambayo huonyesha kama mfupa umekwisha kuunga. Mfupa ule ni nadra kuunga kabisa kabla ya miaka 17. Hakupelekwa. Mwanzoni mwa 2017 Kongo ikaondolewa na sisi tukaingia fainali za Gabon badala yake. Sheria ilifuatwa, nami sina ugomvi nayo. Lakini nakumbuka furaha ya mitaani siku zile, na vichwa vya habari vyenye jina la yule kijana. Tulimcheka kana kwamba karatasi zake alizichapa mwenyewe, na kana kwamba 2005 haikuwa ya kwetu.

Kisha Aprili 2019 mashindano yenyewe yakaja kwetu, tena Temeke hasa: Uwanja wa Taifa na Chamazi. Kwa wiki nyingi kabla yake tuliaminishwa kwamba vijana wale watatupeleka Kombe la Dunia. Mmoja wao, Kelvin John, alikuwa hajafikisha miaka 16, na tayari alikuwa anaitwa Mbappe. Zamani nasi tuliwapa wachezaji majina ya utani, lakini yalitokana na uchezaji wao. Sunday Manara aliitwa Kompyuta kwa akili yake ya mpira, na jina hilo lilikuwa lake peke yake hata alipokwenda kucheza Uholanzi. Mtoto anayeitwa Mbappe amekabidhiwa deni la mtu mwingine.

Tulifungwa na Nigeria 5-4, na Uganda 3-0, na Angola 4-2. Siku ya kwanza watu walitoka uwanjani wakiwapigia makofi. Baada ya siku ya tatu walitafutwa wa kulaumiwa. Wengine walitoa ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naona inamwonea mtoto. Mgema ni mtu mzima. Mnazi anapanda mwenyewe na tembo anauza mwenyewe. Hawa walipandishwa, na tembo liliuzwa na wengine.

Mbwana Samatta alikulia Mbagala, kilomita chache kutoka Chamazi. Alianza Mbagala Market, na gazeti lilipomfahamu vizuri, mwaka 2010 akiwa Simba, alikuwa karibu na miaka 18. Januari 2016 alipotunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani humu, baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe, alikuwa na miaka 23, na umri wake haukuwa habari. Mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji.

Kelvin John naye alijiunga na Genk mwaka 2021, alipotimiza miaka 18. Mwaka uliofuata Samatta alirudi hapo kwa mkopo, wakawa klabu moja. Mwaka 2024 yule mdogo akahamia Aalborg ya Denmark, ambako walimwandikisha kwa jina alilopewa na wazazi wake.