Jengo la Mtaa, Mafundi wa Mbali

Mwezi Mei 1963, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, ilikuwa ikijengwa shule kwenye mtaa wa watu weusi. Watoto watakaosoma humo ni weusi, wazazi wao ni walipa kodi wa mji huo, na vumbi la ujenzi lilikuwa likiingia madirishani mwao. Lakini wakitazama waliokuwa wakifunga mabomba na kutandaza nyaya za umeme, hawakumwona wa kwao. Wakazi, wakiongozwa na wakili Cecil Moore wa chama cha NAACP, wakaenda kuziba lango la kiwanja. Polisi wakaja, pakawa na vurugu, watu wakaumia. Mwisho yakapatikana makubaliano ya kuajiri mafundi weusi wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Mwezi uliofuata Rais Kennedy akatoa amri ya kukataza ubaguzi katika ujenzi uliogharimiwa kwa msaada wa serikali kuu.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba weusi hawakuwamo kabisa katika kazi za ujenzi. Takwimu zilizotajwa baadaye mahakamani zilionyesha kwamba katika eneo la Philadelphia watu wa makabila ya wachache walikuwa kama asilimia 30 ya wafanyakazi wote wa ujenzi, ilhali katika fani sita zenye mishahara minono, kama vile za mabomba, umeme na vyuma, walikuwa kama asilimia 1 tu. Hao wengine walikuwa wapi? Kwenye zege, kwenye mitaro, chini ya mizigo ya matofali. Kwa lugha yetu, walikuwa saidia fundi wa maisha.

Na saidia fundi wa kwetu ana nafuu yake. Hutazama mkono wa fundi, na siku fundi akichelewa huchukua mwiko akajaribu. Kule ufundi hauchotwi kwa macho namna hiyo, una mlango wake. Mwanagenzi husajiliwa, hulipwa mshahara unaopanda hatua kwa hatua, husoma darasani huku akifanya kazi, na baada ya miaka minne au mitano ndipo hutambuliwa kuwa fundi kamili. Walinzi wa mlango huo ni chama cha mafundi na wakandarasi kwa pamoja.

Tawi namba 28 la mafundi wa bati mjini New York ni mfano unaostahili kukumbukwa. Lilianzishwa mwaka 1913. Maneno ya ubaguzi yaliondolewa katika katiba ya chama chao mwaka 1946, na mtu angedhani mambo yamekwisha. Mwaka 1964 tume ya jimbo ikachunguza, ikakuta kwamba tangu tawi lianzishwe hakuna mweusi hata mmoja aliyepata kuwa mwanachama. Hapakuwa na haja ya bango mlangoni. Mwanagenzi aliingia kwa kudhaminiwa na mwanachama, na mwanachama alimdhamini mwanawe au mpwa wake. Shauri hilo lilizungushwa mahakamani hadi 1986, ndipo Mahakama ya Juu ilipothibitisha lengo la asilimia 29 ya wanachama wasio weupe. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na minane wakati wa uchunguzi ule, sasa alikuwa na arobaini.

Huku nyuma, mwezi Juni 1969, serikali ya Rais Nixon ilikuwa imetangaza Mpango wa Philadelphia, uliosimamiwa na Arthur Fletcher, mtu mweusi aliyekuwa mwandamizi katika Wizara ya Kazi. Mkandarasi aliyetaka kazi ya serikali kuu inayozidi dola 500,000 ilibidi aeleze atawaajiri wangapi. Kwa mafundi vyuma lengo lilianzia asilimia 5 hadi 9 mwaka 1970, likapanda hadi asilimia 22 hadi 26 mwaka 1973. Wakandarasi wakashtaki, wakashindwa mwaka 1971.

Lakini mpango ulikuwa na tundu. Mkandarasi alitakiwa kuonyesha "juhudi za nia njema", na nia njema, kama tujuavyo, haina mizani. Tena waliohesabiwa ni watu waliopo kiwanjani. Wapo wakandarasi waliowahamisha mafundi weusi wale wale kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine, kufuata mkaguzi anakokwenda.

Boston wakaja na njia yao. Mwaka 1979 Meya Kevin White aliamuru kwamba katika ujenzi unaolipiwa na mji, nusu ya saa za kazi zifanywe na wakazi wa Boston, asilimia 25 na makabila ya wachache, na asilimia 10 na wanawake. Saa, si vichwa. Mtu aliyeletwa Ijumaa mchana huonekana kwenye daftari kwamba aliletwa Ijumaa mchana. Wakandarasi wakapinga sharti la wakazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikasema kwamba mji unapotumia fedha zake ni mnunuzi sokoni kama wanunuzi wengine, na sharti hilo haliingilii biashara kati ya majimbo. Mwaka mmoja baadaye, katika shauri la mji wa Camden uliodai asilimia 40, mahakama hiyo hiyo ikakumbusha kwamba fundi anayetoka jimbo jirani naye ana haki zake kikatiba, hivyo mji uwe na sababu nzito ya kumweka kando. Nami naona hilo si neno la kupuuza, maana fundi wa jirani naye ana watoto.

Bado ule mlango. Jengo huweza kwisha kwa mwaka mmoja na nusu, na uanagenzi unataka minne au mitano. Kijana aliyechukuliwa ili daftari litimie huachwa njiani kandarasi ikiisha, akiwa na nusu ya ufundi. San Francisco, katika sheria yake ya mwaka 2010, iliachana na habari za nia njema ikaweka sharti lenye adhabu: wakazi asilimia 20 ya saa katika kila fani kwa kuanzia, ikipanda kwa miaka hadi 50. Saa za wanagenzi zikahesabiwa peke yake, na hapo nusu ilitakiwa iwe ya wakazi tangu mwaka wa kwanza.